Sokwe aliyejipigia debe

Siku hiyo nilikuwa na haraka, na mpiga debe wa stendi aliiona haraka yangu kabla mimi sijaliona basi. “Ya mwisho hiyo, kaka! Siti mbili tu, inatoka!” Nikachungulia dirishani: kweli, vichwa vimejaa. Mama kajitanda khanga, kijana kasinzia na kofia usoni, mzee kashika gazeti. Nikalipa, nikapanda. Hazikupita dakika kumi yule kijana akaamka, akashuka. Mzee akakunja gazeti lake, akashuka. Mama naye akashuka, akavuka upande wa pili, akapanda basi jingine lililokuwa tupu, akajitanda khanga upya. Tukabaki abiria watatu na injini ya baridi.

Sikumchukia sana mpiga debe. Kupiga kelele ndiyo kazi yake, hata jina lake linasema. Walionikasirisha ni wale wa dirishani, kwa sababu wao ndio niliowaamini.

Nimelikumbuka basi lile wiki nzima hii nikisoma habari za wakubwa wa dunia kwa jicho moja na habari za wanyama kwa jicho la pili. Kiswahili kina bahati. Wengine wakisema mtu anamfanyia kampeni mgombea, sisi tunasema anampigia debe, na neno lenyewe halifichi kitu: debe likilia sana, ni kwa sababu ndani hamna kitu. Ila aliyewahi kuandikwa na sayansi kuwa amejipigia debe, kwa maana ya debe lenyewe la bati, hakuwa mtu wa siasa. Hakuwa mtu kabisa.

Alikuwa sokwe, na mahali ni Gombe, Kigoma. Jane Goodall alifika pale Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, akaanza kuwapa sokwe majina badala ya namba, jambo lililowaudhi wasomi wa enzi hizo. Mmoja akamwita Mike. Mike hakuwa na umbo la kutisha, na kwenye ndizi za kambini alikuwa karibu wa mwisho kufikiwa. Madume wengine wakimkaripia, anakaa pembeni. Jogoo wa pale alikuwa Goliath, na jina tu linatosha kukueleza mwili wake.

Kambini kulikuwa na madebe matupu ya mafuta ya taa yamezagaa. Debe unalijua: bati la pembe nne, lita 18, lile bibi zetu walilotiliwa ubao juu wakabebea maji na kupimia mahindi. Mwaka 1964 Mike aliokota debe. Alikaa nalo kwanza kwa utulivu, akawatazama wakubwa wake wakichokorana manyoya kivulini, akaanza kuyumba taratibu, nywele zikamsimama, kisha akawavamia huku akilipigapiga debe lile mbele yake. Wakubwa wakatawanyika. Akarudia. Baadaye akawa hodari kiasi cha kukimbia na madebe matatu kwa mpigo bila hata moja kumponyoka. Mmoja baada ya mwingine wakaja kumwinamia, na mwisho akaja Goliath mwenyewe. Katika hadithi yote hiyo hakuna pambano la maana lililompa kiti. Nchi yetu mwaka uleule ilikuwa na maasi ya jeshi Januari na Muungano Aprili. Juu ya vilima vya Ziwa Tanganyika utawala ulibadilika kwa kelele za bati.

Watafiti wakachoshwa na kelele, wakayaficha madebe. Haikusaidia. Mike aliendelea kutawala miaka kadhaa bila debe, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu kufikia hapo kila mmoja alikuwa amekwisha kuona kila mmoja anamwinamia. Hapo ndipo niliposhtuka. Debe lilifanya kazi ya miezi michache. Miaka iliyobaki ilifanywa na wale wa dirishani.

Hamisha hadithi hii Washington na Pyongyang. Tarehe 1 Januari 2018 Kim Jong Un alitoa hotuba ya mwaka mpya akasema kitufe cha nyuklia kiko mezani kwake. Kesho yake Donald Trump akajibu kwa Twitter kwamba yeye pia anacho, tena chake ni kikubwa na chenye nguvu zaidi, na kinafanya kazi. Watu wazima wawili, kila mmoja na debe lake, dunia nzima imekaa kivulini ikiacha kuchokorana manyoya. Juni mwaka huohuo wakakutana Singapore wakashikana mikono mbele ya bendera, na Septemba Trump akauambia mkutano wa wafuasi wake kwamba yeye na Kim wamependana. Anayewajua sokwe hakushangaa. Baada ya vurumai huja kuchokorana.

Sasa tuje kwenye chafya, maana habari ya chafya ndiyo inayopendwa zaidi na watu wanaosoma sayansi kwa ajili ya kucheka. Mwaka 2017 watafiti waliokuwa wakifuatilia mbwa mwitu katika Delta ya Okavango, Botswana, walichapisha jambo waliloliona wakati mbwa hao wanapoamka kutoka mapumzikoni. Kundi huamka, huanza kusalimiana, masikio nyuma, mikia juu, mbio za huku na huku. Mara nyingine baada ya salamu hizo wanaondoka kwenda kuwinda; mara nyingine wanalala tena. Katika mikusanyiko 68 waliyoihesabu, kadiri chafya zilivyokuwa nyingi ndivyo uwezekano wa kuondoka ulivyokuwa mkubwa. Kama kwetu mtu akipiga chafya anaambiwa “afya”, kwao anajibiwa kwa safari. Kiswahili kilikwisha kuyaweka haya kwenye kitenzi kimoja: unapiga chafya, unapiga kura.

Magazeti mengi yaliishia hapo, yakaandika kuwa mbwa wana demokrasia, kila mtu akafurahi. Lakini soma mstari unaofuata. Mkubwa wa kundi akishiriki, chafya tatu hivi zinatosha kuwainua wote. Akijinyamazia, akabaki amelala, wadogo wanahitaji takriban kumi. Haki ya kupiga chafya wanayo wote. Uzito wa chafya ni mambo mengine.

Nilipofika hapo nikacheka peke yangu, maana nakijua chumba kilichojengwa kwa hesabu hiyohiyo, kipo New York. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina wajumbe 15. Azimio linahitaji kura tisa, na kati ya wale watano wa kudumu asiwepo hata mmoja wa kulipinga. Tarehe 25 Februari 2022, siku moja baada ya majeshi ya Urusi kuvuka mpaka wa Ukraine kwa wingi, baraza lilipigia kura azimio la kuyataka yaondoke. Nchi 11 zikakubali, Kenya ikiwamo. Tatu zikajizuia. Moja ikapinga, nayo ni Urusi, na kwa kuwa mwezi ule zamu ya kuongoza vikao ilikuwa yake, balozi wa Urusi ndiye aliyekuwa kitini kuendesha kikao ambacho Urusi ilikiua. Tarehe 18 Septemba 2025 ikawa zamu ya upande wa pili: azimio la kutaka vita visitishwe Gaza lilipata kura 14, Marekani ikaweka moja ya kupinga, kikao kikafungwa. Kumi na nne kwa moja, na moja ikashinda.

Mbwa mwitu wa Okavango, pamoja na ukabaila wao, hawajafika huko. Kwao chafya kumi za wadogo zinamshinda mkubwa aliyelala. Mkubwa anaweza kuongeza kasi ya safari; hawezi kuwafungia wenzake pua. Bara la Afrika lina nchi 54 na halina kiti cha kudumu hata kimoja pale, na kila mwaka viongozi wetu wanasimama kwenye mimbari kukiomba. Ningewashauri waache kuomba kura ya turufu. Waombe hesabu ya mbwa.

Kwa Waswisi sina haja ya kukaa sana, ila siwezi kuwapita. Herbert Prins, mtafiti Mholanzi aliyekaa na nyati wa Ziwa Manyara, aliona kwamba jioni kabla kundi halijaondoka kwenda malishoni, majike huinuka mmoja mmoja, hutazama upande fulani kwa muda, kisha hulala tena. Mwanzoni alidhani wananyoosha misuli. Baadaye alipopima, akakuta upande ambao macho mengi yameelekea ndio kundi linakoelekea. Majike wazima tu ndio wapiga kura. Dume awe na pembe kama milango, hakuna anayemhesabia. Wakati huohuo katika milima ya Uswisi, jimbo la Appenzell Innerrhoden lilikuwa likipiga kura hadharani kwa kunyoosha mikono uwanjani, wanaume peke yao, mpaka mahakama kuu ya nchi ilipowalazimisha kuwaruhusu wanawake mwishoni mwa mwaka 1990. Ukitaka kujua demokrasia kongwe, uliza ya nani.

Waliobaki ni nyuki, na kwa nyuki naomba tukae.

Kundi likizidi mzingani, malkia mzee huondoka na wafuasi kiasi cha elfu kumi, wananing’inia kwenye tawi kama ndevu. Hawana nyumba. Wana siku chache tu za akiba tumboni, na mvua ikiwakuta pale wamekwisha. Mia kadhaa kati yao, wazee wenye uzoefu wa kutafuta chakula, hutoka kutafuta tundu. Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell amewafuatilia kwa miongo kadhaa, amewatia rangi migongoni ili awajue mmojammoja. Nyuki akipata tundu la mti huingia ndani akatembea ukutani gizani, akatoka, akaingia tena, mara nyingine nusu saa nzima, akilipima ukubwa. Analolipenda ni la kama lita 40, yaani madebe mawili na ushee, lenye mlango mdogo, juu kutoka ardhini. Wafugaji wa nyuki wa Tabora wanaotundika mizinga mitupu kwenye miombo wanajua habari hii bila kwenda Cornell: mzinga utakaguliwa kwanza, na usipopendeza utabaki mtupu mwaka mzima.

Anaporudi, mpelelezi hucheza ngoma juu ya migongo ya wenzake, na ngoma hiyo inaeleza upande na umbali. Tundu likiwa zuri hucheza mizunguko mingi, likiwa la kawaida hucheza michache. Mpaka hapa ni kampeni kama kampeni nyingine, mpiga debe na basi lake. Tofauti inakuja kwa wasikilizaji. Nyuki aliyeiona ngoma hasemi “huyu ni mtu mzima, anajua.” Anaruka, anakwenda kwenye lile tundu, anaingia mwenyewe, anatembea ukutani, anapima. Akiridhika ndipo anarudi kucheza. Asiporidhika ananyamaza. Ngoma ya uongo inaweza kuchezwa, lakini haina njia ya kuambukiza, kwa sababu kila shabiki lazima kwanza awe shahidi.

Na kuna la pili, ambalo mimi ningelitia kwenye katiba. Kila anaporudi kutoka kulitembelea tena tundu lake, nyuki huyo hucheza mizunguko michache kuliko mara iliyopita, hata kama tundu ni zuri vilevile. Baadaye anaacha kabisa. Anastaafu. Hoja inabaki ikiishi kwa wengine walioihakiki, au inakufa. Nalinganisha hili na Fidel Castro, aliyezungumza kwa saa nne na nusu mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Septemba 1960, baada ya kuahidi kuwa atajitahidi kuwa mfupi. Nalinganisha na Muammar Gaddafi mwaka 2009, aliyepewa robo saa akachukua zaidi ya saa moja na nusu. Hao wawili ngoma yao ilikuwa inakua kadiri wanavyocheza.

Wapelelezi wakifika ishirini au thelathini kwenye tundu moja kwa wakati mmoja, shauri limekwisha. Wanarudi, wanawapigia wenzao mlio wa kuwaamsha wapashe misuli moto, kundi zima linaruka.

Nikiwa bado kwenye nyuki, mawazo yangu yakaruka hadi tarehe 5 Februari 2003. Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alikaa mbele ya Baraza la Usalama kueleza kwamba Iraq ina silaha za maangamizi. Alinyanyua kichupa kidogo kati ya vidole viwili, akasema kiasi kidogo cha kimeta, kisichojaza kijiko cha chai, kilitosha kulifunga jengo la Seneti mwaka 2001. Kichupa kilikuwa cha mfano. Hamkuwa na kimeta ndani. Nyuma yake, akionekana kwenye kila picha, alikaa George Tenet, mkurugenzi wa CIA. Hakusema neno. Hakuhitaji kusema. Alikuwa pale kama yule mama wa khanga dirishani.

Powell alionyesha pia michoro ya malori ambayo alisema ni maabara za kutengenezea silaha za vijidudu. Habari ya malori ilitoka hasa kwa mkimbizi mmoja wa Kiiraki aliyekuwa Ujerumani, ambaye majasusi walimpa jina la siri Curveball. Wajerumani ndio waliomhoji. Wamarekani walikuwa wakisoma yaliyoandikwa na Wajerumani, na majasusi wa Ujerumani wenyewe walikuwa na wasiwasi naye. Mwaka 2011 alikiri hadharani kuwa alitunga. Yaani ngoma ilichezwa New York na mtu aliyeipata kwa mtu, aliyeipata kwa mtu ambaye hakuwahi kuliona tundu.

Na wapelelezi walikuwapo! Hilo ndilo linaloniuma kila nikilikumbuka. Tangu Novemba 2002 wakaguzi wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix walikuwa Iraq, wakiingia viwandani na kwenye mabohari, wakitembea ukutani. Tarehe 7 Machi 2003 Blix aliliambia baraza kwamba kazi iliyobaki haihitaji miaka wala wiki, inahitaji miezi. Hakupewa miezi. Wakaguzi wakaondolewa, na tarehe 20 Machi mabomu yakaanza kudondoka Baghdad. Mwaka uliofuata kundi la wachunguzi lililotumwa na Marekani yenyewe likatoa ripoti kwamba hapakuwa na akiba ya silaha hizo. Powell baadaye aliiita hotuba ile doa katika historia yake.

Basi nalo lilijazwa. Kabla tu ya vita serikali ya Marekani ilitangaza orodha ya nchi 30 zinazoiunga mkono, ikaongeza kwamba ziko nyingine 15 ambazo zisingependa kutajwa. Abiria wa siri! Orodha ilipopita nchi 40 kulikuwamo Rwanda na Uganda, kulikuwamo Palau na Visiwa vya Marshall ambavyo havina jeshi, na Costa Rica iliyovunja jeshi lake tangu miaka ya 1940. Costa Rica mwaka 2004 mahakama yake ya katiba ikaitaka ijitoe. Ikaomba jina lifutwe. Huyo naye alikuwa abiria aliyekunja gazeti.

Nisije nikaonekana nawaonea wa mwaka 2003 peke yao. Tarehe 2 Aprili 2025 Trump alisimama bustanini Ikulu na ubao wa ushuru mpya kwa dunia nzima, na ndani ya orodha iliyoambatana nao zilikuwamo Heard na McDonald, asilimia kumi. Ni visiwa vya Australia mbali kusini, kuelekea Antaktika, barafu na volkano. Hakuna binadamu anayeishi kule. Wapo pengwini, sili, na ndege wa baharini. Waziri Mkuu wa Australia akasema basi hakuna mahali duniani palipo salama. Watu walicheka kwa siku tatu, wakachora pengwini wakilipa forodhani. Mimi sikuona mzaha wa pengwini. Niliona mpelelezi ambaye hakutoka kwenye tawi. Kumjua mkazi wa tundu lile kungechukua dakika moja ya mtu mwenye ramani.

Hapa nitegemee barua. Najua yupo msomaji atakayesema: mwandishi, unawasifu wanyama kama vile wana maadili. Nakubali naye, tena namwongezea. Gombe hiyohiyo ya Mike, kati ya 1974 na 1978, jamii ya sokwe iliyogawanyika makundi mawili ilipigana hadi kundi ambalo watafiti waliliita Kahama likatoweka. Madume wa kundi hilo waliviziwa mmojammoja na watu waliokuwa wakila nao zamani. Nasema watu kwa makusudi. Na nyuki nao wana faida ambayo mataifa hayana: wote ni wa mama mmoja, na tundu baya likichaguliwa hakuna atakayelala kwingine. Mpelelezi anayetembea ukutani gizani anapima chumba chake mwenyewe. Waliokaa kwenye meza ile ya New York mwezi Februari hakuna hata mmoja aliyekuwa amepanga kulala Baghdad mwezi Machi. Ukichukua sababu hiyo, huhitaji tena kusema nyuki ana akili kuliko waziri. Waziri akipewa kitanda ndani ya lile tundu, naye atachungulia.

Wenye kumbukumbu pia wapo. Kunguru hafugiki, lakini anasoma sura. Mwaka 2006 John Marzluff wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na wenzake walivaa kinyago cha mtu wa pangoni wakawakamata kunguru saba chuoni pale, wakawatia pete miguuni, wakawaachia. Tangu hapo kila mtu aliyepita chuoni na kinyago kile alizomewa kutoka mitini, miaka ikapita, na kunguru ambao hawakuwapo siku ile nao wakajifunza kuzomea. Kwa kuwa jaribio lilihitaji sura nyingine ya kulinganishia, isiyo na kosa lolote kwa kunguru, watafiti walichagua kinyago cha Dick Cheney, Makamu wa Rais wakati huo, aliyekuwa amesema Agosti 2002 kwamba hakuna shaka kuwa Saddam Hussein ana silaha za maangamizi. Cheney akapita chini ya miti. Kunguru wakamwacha. Kwao hakuwa amefanya kitu. Wanahukumu waliloliona kwa macho yao au waliloonyeshwa na aliyeliona, hawana televisheni.

Mimi nimelelewa na debe, kabla sijajua neno kampeni. Kwa bibi, Kilosa, mahindi yakianza kubeba, sisi watoto tulipewa debe na kijiti, tukakaa kwenye kichanja kuanzia alfajiri kuwafukuza nyani. Ukiona mkia kwenye majani unapiga, wanakimbia hadi ng’ambo ya korongo. Wiki ya kwanza nilijiona mkuu wa jeshi. Wiki ya tatu alitoka dume mmoja mkubwa, peke yake, hakuingia shambani. Akaketi juu ya kichuguu, hatua kama ishirini kutoka kwangu, mikono juu ya magoti. Nikapiga. Hakusogea. Nikapiga kwa nguvu zote mpaka kijiti kikakatika, naye ananitazama, ananitazama mimi halafu analitazama debe, kama mtu anayesubiri nimalize ili tuongee.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. “Shuka,” akasema, “huyo ameshajua.” Akalichukua debe, akaligeuza mdomo juu, akaanza kuvunja mahindi mabichi mstari wa kwanza na kuyatia humo. Yule dume kule kichuguuni akapiga kelele moja fupi, na majani ya ng’ambo ya korongo yakaanza kutikisika.